Dume la Mugeta

Mugeta, Bunda
10 Februari 2025

Mama Yunis Wankyo,
Bweri, Musoma.

Shikamoo Mama.

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na cherehani yako. Mimi ni mzima, ng'ombe ni wazima, pamba inaendelea ila mvua inatuchezea. Naitwa Elias Jilala. Hatujuani. Jina lako nimepewa na Mwalimu Dennis wa kituo cha kompyuta Bunda, aliyetufundisha kutengeneza tovuti kwa mkono, yaani kuandika zile alama zote moja moja mpaka vidole vinauma. Alisema na wewe ulipita kwake, na tovuti yako ya majoho ya kwaya ndiyo alikuwaga anatuonyesha darasani. Akasema pia kwamba wewe ukitoa maoni hupaki asali.

Hicho ndicho ninachotaka. Tovuti yangu ya kwanza nilipoimaliza niliituma kwenye kundi la Wasapu la jumuiya yetu. Wote wakarudisha dole gumba. Wengine viganja vya kusali. Mama mmoja akatuma maua, akafuta, akatuma tena. Sasa dole gumba nitalifanyia nini Mama? Halisemi palipopinda. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi, ili na wewe unijibu kwa karatasi, maana mtu akishika kalamu anafikiriga kwanza.

Sikuelezi tovuti inahusu nini. Mwalimu alisema tovuti nzuri inajieleza yenyewe. Ila ujue siyo mchezo kwangu. Nimeweka matumaini yangu ya mwaka huu pale. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

Usinionee huruma.

Wako mtiifu,
Elias Jilala

*

Bweri, Musoma
18 Februari 2025

Bwana Elias Jilala,

Marahaba.

Barua yako imefika kwa utingo wa hiace. Tovuti nimeifungua. Umesema nisikuonee huruma, basi kaa kwenye kiti.

Kwanza rangi. Maandishi mekundu juu ya kijani kibichi. Nimesoma mistari mitatu nikafumba macho, na bado nikayaona. Pili, neno KARIBU linatembea kutoka kulia kwenda kushoto bila kupumzika. Mgeni ukimkaribisha, simama. Tatu, umeandika kila kitu katikati ya ukurasa kama kadi ya msiba.

Hayo ni ya ufundi. Sasa yaliyobaki.

Nimekuta picha yako umevaa suti, umeshika kiuno, umetabasamu. Sina neno na picha. Lakini juu yake umeandika DUME BORA LA MUGETA, na chini ya kichwa hicho maneno haya, nanukuu kama yalivyo: "Anaitwa Bernado. Mwekundu, mrefu, kifua kipana, shingo nene. Mpole kwa watoto, hana ugomvi akishashiba. Wa kienyeji, chotara, wote anawapokea, habagui. Mlete asubuhi, umchukue jioni Asiposhika mimba mrudishe, hatudai tena. Watoto wake wametapakaa Mugeta yote mpaka Nyamuswa, na wote wamefanana naye."

Bwana Elias. Mimi ni mtu mzima. Nashona majoho ya makanisa matano. Nimesoma hayo maneno mkasi ukiwa mkononi, nikauweka chini kwa usalama. Nilimwonyesha mwenyekiti wa kwaya ya Kitaji aliyekuja kupimwa, akasema hili siyo suala la maoni, ni suala la serikali ya mtaa.

Ninayo maswali. Bernado ni jina lako la ubatizo? Paroko aliyekubatiza yuko hai? Na hao watoto waliotapakaa, nani anawalisha?

Lakini Mwalimu Dennis ni mtu niliyemheshimu, na wewe uliomba maoni ya tovuti, siyo ya tabia. Kwa hiyo namalizia: "chotara" umeliandika vizuri. "Jioni" umesahau nukta.

Yunis Wankyo

*

Mugeta
24 Februari 2025

Mama Yunis,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Mama, Bernado ni ng'ombe!

Ni dume langu la mbegu. Naapa mbele za Mungu. Watu wanaleta majike yao kwangu yapandishwe, ndiyo biashara yenyewe. Nilimpa jina la mzee niliyemnunua kwake, Mzee Bernado wa Nyamuswa, ambaye ni mtu wa heshima na ana mke mmoja. Picha ya ng'ombe iko pale juu kabisa, kubwa, amesimama ubavu! Ile yangu ya suti niliiweka mwisho ili mteja ajue anayempigia simu ana sura gani.

Nilipopata barua yako nilikimbia hadi kituoni Bunda kuangalia. Kwenye kompyuta niliyoitengenezea, ng'ombe anaonekana vizuri kabisa. Nikaazima simu ya mlinzi, nikafungua. Ng'ombe hayupo! Kuna kiboksi kidogo kitupu, halafu mimi, na suti yangu, na shingo nene.

Mama, nilikaa chini pale pale getini. Sasa ndiyo naelewa mambo mengi. Naelewa yale maua. Naelewa kwa nini katekista aliniuliza kama nina shida yoyote ningependa kuungama. Naelewa kwa nini baba mmoja jirani siku hizi akiniona anawaitaga mabinti zake waingie ndani.

Mwalimu Dennis amesafiri kwenda kwao na hapokei simu. Nisaidie. Huyo ng'ombe amekwenda wapi?

Elias Jilala (siyo Bernado)

*

Butiama
27 Februari 2025

Mwanangu Elias,

Mimi shangazi yako Hilda sijambo, mguu tu ndio unanisumbua. Nina furaha mpaka nimeshindwa kula.

Mtoto wa jirani ameniletea huo ukurasa wako kwenye simu. Nikamwambia hapana, mimi nataka kuushika. Tukaenda stesheneri wakautoa kwenye karatasi, na rangi zake zote. Nimeubandika ukutani karibu na kalenda ya parokia.

Elias, tangu mkeo Susana afariki nimekuwa nikisema, huyu mtoto atazeekea na ng'ombe. Kumbe ulikuwa unajipanga! Umejisifu kidogo, sawa, wanaume wa ukoo wetu wanajisifuga. Shingo nene ni kweli, umeichukua kwa baba yako. Jina la Bernado sikujua kama ulichukua kipaimara, lakini ni zuri. Ila hapo pa "mrudishe, hatudai tena" umekosea. Mahari haizungumzwi hivyo, waachie wazee.

Kuhusu hao watoto waliotapakaa mpaka Nyamuswa, nimelia siku nzima, halafu nikasema damu ni damu. Tutawakusanya polepole.

Sasa sikiliza. Kuna Mzee Isidori hapa Butiama, mtu wa maana, ana binti anaitwa Prudence, amesoma, hana mume. Niliwapelekea karatasi. Walisoma wote wawili kwa makini sana. Prudence akasema, "Shangazi, huyu Bernado tunaweza kumwona?" Elias, mimi miaka yote hii sijawahi kuona binti anauliza mwenyewe! Nimesema ndiyo.

Usibadilishe hata nukta kwenye huo ukurasa. Pika.

Shangazi yako,
Hilda

*

Bweri
3 Machi 2025

Bwana Elias,

Naomba radhi. Naomba radhi kwako, kwa Mzee Bernado wa Nyamuswa, na kwa ng'ombe.

Barua yako niliisoma nikiwa nashona joho la mtu wa besi. Nilipofika "Bernado ni ng'ombe" nilicheka hadi mkono mmoja wa joho nikauweka juu chini. Mwenye joho alikuja kulijaribu akainua mikono kama anayekamatwa. Nimelifumua.

Ng'ombe wako hajapotea. Ulipoiita picha, uliiambia tovuti ikaitafute ndani ya kompyuta ya kituo. Ukiwa kwenye kompyuta hiyo, inaiona. Mimi nikiwa Bweri, tovuti inaitafuta picha ndani ya simu yangu, na mimi sifugi. Fanya hivi: hiyo picha iweke kwenye folda moja na ukurasa wako, ipandishe mtandaoni pamoja nao. Ipe jina fupi, herufi ndogo tupu, bila nafasi katikati. Halafu kwenye ule mstari wa picha futa njia yote ndefu, bakiza hilo jina tu. Picha yako ya suti inaonekana, ila nayo ipe jina fupi vivyo hivyo.

Na kwenye maneno ya kwanza kabisa andika NG'OMBE. Usimwachie msomaji akisie.

Kuna kingine. Juu kuna kitufe cha "Kunihusu". Nikibonyeza naletewa maneno mawili: "Ukurasa unajengwa." Mtu anakuletea mali yake umpokee tangu asubuhi hadi jioni. Anataka kujua wewe ni nani. Jaza pale.

Yunis Wankyo

*

Mugeta
8 Machi 2025

Shangazi Hilda,

Shikamoo. Pole na mguu.

Shangazi, kuna makosa makubwa. Bernado siyo mimi, Bernado ni ng'ombe. Tovuti ni ya ng'ombe. Watoto waliotapakaa ni ndama. Tafadhali wafahamishe watu wa Mzee Isidori wasipate usumbufu, na hiyo karatasi uitoe ukutani.

Mwanao,
Elias

*

Butiama
13 Machi 2025

Elias,

Nimesoma. "Bernado siyo mimi, Bernado ni ng'ombe." Mwanangu, usijidharau hivyo. Hata baba yako kabla ya kuoa alijiita mzigo. Ni woga tu.

Jumapili baada ya misa tunakuja. Mzee Isidori anakuja na gari lake la mizigo. Vaa ile suti.

Shangazi

*

Mugeta
18 Machi 2025

Mama Yunis,

Shikamoo Mama. Nimefuata maelekezo yako, na ng'ombe ameonekana. Lakini ngoja nikusimulie ya Jumapili, maana sina mtu mwingine wa kumweleza ambaye sijakutana naye.

Nina shangazi Butiama. Aliisoma tovuti kama ulivyoisoma wewe, ila yeye alifurahi. Akaniletea mchumba.

Walifika mchana. Mbele ya gari walikaa Mzee Isidori, binti yake Prudence, na shangazi katikati amebeba kuku. Nyuma ya gari kulikuwa na mtamba mweusi, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Shangazi alipomwona nadhani alikuwa hajui yupo, kwa sababu alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Umeona? Wao ndio wanaleta ng'ombe! Ukoo gani huu!"

Nikajaribu kusema, "Shangazi, hawa wamekuja kwa..." Akanikanyaga mguu. Alivaa viatu vya kanisani.

Tukakaa. Mzee Isidori hakuzunguka. Alisema, "Tumesikia sifa za Bernado. Mimi kabla ya yote napenda nimwone akitembea."

Shangazi akasema, "Elias, tembea."

Mama, nilitembea. Sijui kwa nini. Nilienda hadi kwenye ghala la pamba nikarudi. Mzee Isidori aliniangalia kwa adabu, kama mtu anayesubiri nimalize nilichokuwa nafanya.

Prudence akauliza, "Amechanjwa?"

"Zote," shangazi akajibu. "Tangu kliniki. Mimi mwenyewe nilimshika."

"Hajawahi kuwa na shida ya kwato?"

Shangazi akaangalia viatu vyangu. Akasema, "Ni mavumbi tu ya Mugeta."

Hapo Prudence akatoa simu yake ili aonyeshe ukurasa, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekosea tena. Nilipokuwa nabadilisha majina ya picha, nililiandika jina la ng'ombe sehemu zote mbili. Juu yuko Bernado, amesimama ubavu, safi kabisa. Na chini, palipoandikwa "Mimi ni Elias Jilala, nipigie muda wowote," yuko Bernado tena.

Shangazi akaichukua simu. Akamwangalia ng'ombe. Akaniangalia mimi. Akamwangalia ng'ombe.

"Elias," akasema taratibu, "nani amekuroga?"

Prudence ndiye aliyeelewa wa kwanza. Yeye ni afisa mifugo, ndiyo maana tangu mwanzo alisoma ile karatasi kama inavyotakiwa kusomwa. Alicheka akashuka kwenye kiti. Mzee Isidori alipoelezwa hakucheka kwanza; aliniuliza kwa upole sana, "Sasa kijana, pale ulikuwa unatembea kwa nini?" Ndipo akaanza kucheka yeye, na akicheka anapigaga goti la aliye karibu. Aliye karibu alikuwa shangazi.

Tulimshusha mtamba. Bernado alifanya kazi yake, hakuniaibisha. Prudence alimkagua, akasema ni dume zuri na atawaambia wafugaji Butiama. Tangu Jumatatu wameshapiga simu watu wa Butiama, na wawili wa Bunda mjini. Kwa hiyo biashara imeanza, na shukrani ni kwako.

Lakini wakati wa kuondoka, shangazi aliingia garini akashusha kioo. Halafu akasema kwa dirisha, "Mimi nilifikiri umepona." Gari likaondoka.

Picha ya chini nimeshaisahihisha. "Kunihusu" bado.

Elias

*

Bweri
25 Machi 2025

Bwana Elias,

Hapo pa "Elias, tembea" nilisimamisha cherehani. Niliwasomea wateja wawili. Samahani, sikutaja jina, nilisema ni ndugu wa Tarime.

Nimefungua tovuti tena. NG'OMBE limeonekana, rangi umeacha kuumiza watu, KARIBU limetulia. Bernado ni mzuri kweli. Nakiri nilimtukana bure.

Umeandika "Kunihusu bado" halafu ukaweka nukta na jina lako. Mimi nashona, naijua nguo iliyokatizwa. Sikuulizi. Lakini shangazi yako alisema neno moja la kweli siku ile, na wewe uliniandikia mimi hilo neno, hukumwandikia mwingine.

Kama kwenye kompyuta panakushinda, andika kwenye karatasi kwanza. Niletee mimi niwe msomaji wa kwanza. Nikiona pamepinda nitasema, unanijua. Sitaona huruma. Nitasoma tu.

Yunis

*

Stendi ya Bweri
5 Aprili 2025

Mama Yunis,

Shikamoo. Nimekuja Musoma kununua dawa za kuogeshea ng'ombe, nimeandika haya nikiwa nimekaa mgahawani. Ndiyo ile "Kunihusu". Soma polepole.

"Naitwa Elias Jilala, nafuga na kulima pamba Mugeta. Huyu dume sikumchagua mimi. Alimchagua marehemu mke wangu Susana, akiwa ndama mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka. Mimi nilitaka mwingine mnene. Susana akasema, huyu anatulia akishikwa, ng'ombe asiyetulia hata awe mkubwa ni hasara. Tukabishana njia nzima kutoka Nyamuswa. Yeye hakumwona akikua. Watu wakimsifia Bernado huwa naitikia asante kana kwamba ni akili yangu, na siyo yangu. Ukileta ng'ombe wako kwangu nitamtunza kama wangu, kwa sababu nilifundishwa na mtu aliyejua."

Kituoni nilikaaga mbele ya kompyuta hadi wanafunga, naandika "mimi na mke wangu", nafuta. Ndiyo maana niliweka "unajengwa".

Kama haifai kwenye tovuti, niambie.

Elias

*

Mugeta
9 Aprili 2025

Mama Yunis,

Shikamoo. Natumaini ile karatasi uliipata. Nilifika kwako mwenyewe. Bodaboda nilimwambia nipeleke kwa mama mtu mzima anayeshona majoho, akazunguka mitaa yote ya Bweri akisema hamjui, mpaka tukaona majoho ya zambarau yameanikwa kwenye kamba.

Wewe hukuwepo. Nilimkuta binti kwenye cherehani. Nikamwambia naomba ampe mama barua hii. Aliniangalia kwanza, halafu akaipokea kwa mikono miwili akasema, "Ataipata." Alinipa maji ya kunywa, akanipa kiti, akaniuliza habari za Mugeta na mvua. Aliuliza kama ng'ombe hawajambo, nikashangaa amejuaje nafuga, nikadhani ni harufu ya dawa. Nilikuwa nimepanga kukaa kidogo, nikakaa mpaka nikakosa gari la mchana. Tuliongea kuhusu vitu vya kawaida tu. Sijaongea hivyo na mtu muda mrefu. Ana namna ya kukata uzi kwa meno huku anakusikiliza.

Mama, naomba usinielewe vibaya, maana wewe na mimi tulishawahi kuelewana vibaya. Sina nia ya utovu wa adabu nyumbani kwako. Nauliza tu kwa heshima: yule ni binti yako? Kama ni binti yako, ameolewa?

Kama swali hili ni kosa, lifumue kama lile joho.

Elias

*

Bweri
15 Aprili 2025

Elias,

Hajaolewa. Na siyo binti yangu. Ni mimi.

Nisikilize kabla hujajificha. Nina miaka thelathini na sita. Wewe ndiye uliyeanza na "Shikamoo Mama" kwenye barua ya kwanza. Nilitaka kukusahihisha, lakini kabla ya kujibu nikafungua tovuti, nikakuta Dume Bora la Mugeta habagui. Nikasema, nibaki kuwa bibi, ndiyo usalama wangu. Ulipogeuka kuwa mtu mwema nilikuwa nimeshapokea shikamoo nyingi mno, nikaona aibu. Ulipoingia ukasema "mpe mama", nilifungua mdomo niseme, ukanishukuru kwa heshima kubwa kiasi kwamba nikapokea tu. Wewe pia ulitembea mpaka ghalani na kurudi, kwa hiyo unaelewa.

Sasa kazi.

"Kunihusu" nimeisoma. Nimeisoma na mama yangu mzazi, ambaye ndiye mtu mzima wa kweli hapa. Nilikuahidi kusema palipopinda. Pamepinda sehemu moja: umeandika "yeye hakumwona akikua" ukaruka haraka. Usiruke. Sema ni mwaka gani, sema aliumwa nini kama unaweza, hata kwa mstari mmoja. Watu wa huku wote wamezika mtu. Mfugaji atakayesoma hapo atakuletea ng'ombe wake bila kuuliza bei.

Mengine usiguse. Iweke.

Mama yangu alipomaliza kusoma alivua miwani, akauliza, "Huyu ndiye yule uliyesema apelekwe serikali ya mtaa?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mwite."

Kwa hiyo nakuita. Jumamosi baada ya Pasaka kwaya ya Kitaji wanakuja kuchukua majoho asubuhi, wanapiga kelele, wanajaribu moja moja. Wakishaondoka sina mgeni mwingine. Sijui nitakachosema ukifika. Kwa barua mimi ni hodari, ukiwa umekaa pale mbele yangu nilishindwa hata kutaja jina langu. Lijue hilo mapema.

Yunis

*

Mugeta
21 Aprili 2025

Yunis,

Nimeandika "Mama", nimefuta. Nimeandika "Dada", nimefuta. Nimeliacha jina lako peke yake, na limekaa vizuri.

Barua yako niliipokea nikiwa nimemshika Bernado kamba, mteja wa Butiama anasubiri. Nilisoma hadi pale pa "ni mimi", kamba ikaniponyoka. Dume likaenda lenyewe kufanya kazi, halikunihitaji. Mteja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia hapana. Akasema basi una homa.

Nimejificha siku mbili kama ulivyosema nitajificha. Nilikumbuka kila shikamoo. Nikakumbuka nimekusifia meno. Halafu siku ya tatu nikaanza kucheka peke yangu zizini, na nikajua nitakuja.

Kile kipande nimekiongeza. Nimeandika mwaka, nimeandika ni ini lililomuua. Ni mstari mmoja, umenichukua mchana mzima, na mlinzi wa kituo alinisubiri nimalize ndipo akafunga. Nilipoupandisha mtandaoni sikuumia nilivyodhani. Jana shangazi ameusoma kwenye simu ya jirani, akanipigia. Hakuzungumzia ndoa hata kidogo. Tulimzungumzia Susana tu, alivyokuwaga anapenda kubishana. Mwisho akauliza, "Huyo aliyekuambia uandike ni nani?" Nikamwambia ni fundi wa majoho Bweri. Akauliza fundi huyo anapenda kuku wa aina gani. Nimekata simu.

Jumamosi nakuja na gari la asubuhi. Mwambie mama yako namsalimu sana. Ukishindwa kuongea usihangaike, mimi pia nitashindwa. Tutakaa tu, wewe ushone, mimi niangalie. Barua nyingine sitaandika kabla ya hapo.

Elias